Geji za Ombwe: Ipi Imfae Fundi wa Friji, Mfugaji na Mtu wa Maabara

Anayetafuta geji ya kupimia ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa, mjini Kisumu au Nakuru huonyeshwa vifaa ambavyo kwa macho vinafanya kazi moja, lakini bei zake zinapishana mno. Kimoja ni geji ya mshale inayouzwa pamoja na paipu za kujazia gesi ya friji. Kingine ni kidude cha kidijitali kinachosoma maikroni. Na akiuliza zaidi, ataambiwa kuna vingine vinavyoagizwa kutoka nje, vyenye kebo na kisanduku chake cha kudhibiti. Makala haya yanalinganisha aina tano kwa vigezo vilevile, ili mnunuzi ajue analipia nini na asichokihitaji ni kipi.

Kwanza tukubaliane kuhusu vipimo. Hewa ya kawaida kwenye usawa wa bahari ina shinikizo la paskali 101,325, ambazo ni sawa na milibari 1,013, au tori 760, au maikroni 760,000, au karibu inchi 30 za zebaki. Fundi anayekausha mfumo wa friji hutaka kufika maikroni 500 au chini yake, yaani kama paskali 67. Chumba cha kuvukizia metali ili kupaka utando mwembamba juu ya kioo huhitaji karibu paskali 0.001 au pungufu, na vyombo vya kuchunguza nyuso za vitu hushuka hadi sehemu ya bilioni moja ya paskali. Hakuna geji moja inayoweza kusoma masafa yote hayo, na sababu yake inaonekana kwa hesabu ndogo: kwenye paskali 0.001, gesi husukuma kila sentimita mraba kwa nguvu inayolingana na uzito wa sehemu moja ya mia ya miligramu. Msukumo huo hauwezi kupinda bomba wala kusogeza mshale. Kwa hiyo geji za shinikizo dogo sana hazipimi shinikizo lenyewe. Hupima kitu kingine, kama joto linalopotea au mkondo wa umeme, kisha hukadiria shinikizo kutokana nacho. Makosa mengi ya usomaji huzaliwa hapo.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni masafa, yaani geji inaanza kusoma wapi na inaishia wapi. Cha pili ni kama usomaji wake unabadilika kulingana na aina ya gesi iliyomo. Cha tatu ni kama inapima kutoka sifuri halisi au inalinganisha na hewa iliyo nje, jambo ambalo kwetu sisi tunaoishi juu ya mita elfu moja lina uzito kuliko vitabu vingi vya mafunzo vinavyodokeza. Cha nne ni usahihi. Cha tano ni uvumilivu: itakuwaje mafuta ya pampu, mvuke au hewa ikiingia ghafla, hasa stima inapopotea kazi ikiwa katikati? Cha mwisho ni gharama, na hapa pahesabiwe matunzo pia, kwa kuwa bei ya dukani ni mwanzo tu.

Geji ya Bourdon: mshale na bomba lililopindwa

Eugène Bourdon alisajili hataza yake Ufaransa mwaka 1849, na muundo haujabadilika sana tangu wakati huo. Bomba bapa lililokunjwa kama upinde limezibwa upande mmoja. Shinikizo la ndani likipungua, bomba hujikunja zaidi, na mwendo wa ncha yake huzungusha mshale. Haihitaji umeme, haijali gesi ni ya aina gani, na ikijaa mafuta husafishwa ikaendelea na kazi. Usahihi wake kwa kawaida ni kati ya asilimia 1 na 2.5 ya kipimo chote, na ndiyo nafuu kuliko zote zilizomo humu.

Tatizo lake kuu ni kwamba bomba hilo limezungukwa na hewa ya mahali lilipo, kwa hiyo mshale unaonyesha tofauti tu kati ya ndani na nje. Kisumu iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130, na hewa yake ina milibari kati ya 880 na 890. Nakuru, kwenye mita kama 1,850, ina milibari kati ya 810 na 820. Matokeo yake ni kwamba ombwe kamili, lisilo na chembe ya gesi, litaonyesha inchi 26 hivi za zebaki mjini Kisumu, inchi 24 Nakuru, na 23 Eldoret, ingawa uso wa geji umechorwa hadi 30. Katika karakana moja ya friji mjini Nakuru, fundi aliyehamia kutoka Mombasa, aliyezoea kuuona mshale ukikaribia 30, alikaza nati zote, akabadilisha mafuta ya pampu, akajaza nitrojeni na kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akavuta upya. Mshale ukarudi palepale kwenye 24. Mfumo haukuwa umetoboka. Mshale ulikuwa umefika mwisho wa hewa ya Nakuru.

Na hata mshale ukifika mwisho huo, bado hausemi mengi. Nafasi ya inchi moja kwenye uso wa geji hiyo ina maikroni 25,400 ndani yake, na maikroni 500 anazozitafuta fundi ni sehemu moja ya hamsini ya nafasi hiyo, ambayo ni nyembamba kuliko mshale wenyewe. Anayesema amevuta ombwe vizuri kwa kuitazama Bourdon peke yake anasema tu kwamba pampu inazunguka.

Hata hivyo ipo kazi ambayo udhaifu huo unageuka kuwa faida. Mashine za kukamulia ng'ombe hufanya kazi kwa ombwe la kilopaskali 42 hadi 50 chini ya hewa ya nje, na kinachomhusu mfugaji wa Njoro au Molo ni tofauti hiyo hasa, kwa sababu ndiyo inayovuta chuchu. Geji ya kidijitali inayosoma kutoka sifuri halisi ingemlazimu kutoa na kujumlisha kila asubuhi. Bourdon inamjibu moja kwa moja.

Pirani na themokapo: kupima kwa joto

Marcello Pirani alibuni geji yake mwaka 1906 akiwa katika kazi ya kutengeneza taa za umeme katika kampuni ya Siemens & Halske, Berlin, mahali ambapo kila balbu ilihitaji ombwe na geji za zebaki zilikuwa za polepole na dhaifu. Wazo lake lilikuwa kupasha moto waya mwembamba na kuangalia unavyopoa. Molekuli za gesi zinazougusa waya huondoka na joto, jinsi upepo unavyopoza uji kwenye bakuli. Zikipungua, waya unabaki na joto lake, ukinzani wake wa umeme unapanda, na saketi ya daraja la Wheatstone, inayolinganisha ukinzani, inaisoma tofauti hiyo. Geji ya themokapo ni ndugu yake: huipima halijoto ya waya kwa kiungo cha metali mbili, ni ya bei ya chini zaidi, lakini ni nzito kuitikia na masafa yake ni mafupi.

Pirani ya kawaida husoma vizuri kati ya paskali 0.1 na 1,000 hivi. Chini ya hapo, joto linalopotea kwa mnururisho na kupitia ncha za waya hulimeza lile linalobebwa na gesi. Juu ya hapo, molekuli zimesongamana kiasi kwamba kuongezeka kwake hakubadilishi upoaji, ila kwa miundo inayotumia pia mzunguko wa hewa ya moto ili kufikia shinikizo la kawaida. Usahihi wa asilimia 10 hadi 15 katikati ya masafa ni wa kuridhisha. Kwa fundi wa friji hautoshi kuandikia ripoti ya kisayansi, lakini unatosha kabisa kumwambia kama mfumo umekauka.

Vidude vingi vya kidijitali vinavyosoma maikroni ni vya jamaa hii ya joto, na thamani yake inaonekana zaidi pampu inapofungiwa nje kuliko inapovuta. Fundi anafunga valvu na kutazama namba. Zikipanda kutoka 400 hadi 1,500 kisha zikatulia, bado kuna unyevu unaotoka kwenye mafuta ya kopresa au kwenye kona za paipu, na dawa yake ni kuendelea kuvuta. Zikipanda bila kutulia, kuna tundu. Tofauti hiyo Bourdon haiwezi kuionyesha hata kidogo. Muhimu pia ni mahali pa kuifunga: geji iliyochomekwa kwenye mdomo wa pampu husoma ombwe la pampu, wala si la friji iliyo mwisho wa paipu nyembamba, kwa hiyo ifungwe mbali na pampu kadiri inavyowezekana.

Kwenye kigezo cha aina ya gesi, Pirani ndiyo inayopotosha kwa hatari zaidi. Imewekwa vipimo kwa nitrojeni, na hewa kavu haitofautiani nayo sana. Heliamu na hidrojeni hubeba joto upesi, kwa hiyo geji husoma juu ya ukweli; agoni hubeba taratibu, kwa hiyo husoma chini. Kwenye Pirani ya mzunguko wa hewa, chumba kilichojazwa agoni hadi shinikizo la kawaida huonyesha chini ya tori 30. Mtu asiyejua hilo huendelea kufungua valvu akidhani bado kuna ombwe, huku chombo cha kioo kikijazwa kupita uwezo wake. Watengenezaji huandika onyo hili kwenye vitabu vyao vya maelekezo, na ni onyo la kusomwa kabla ya mtungi kufunguliwa.

Kwa upande wa uvumilivu, waya ukipakwa mafuta hupoteza usahihi, na pampu isiyo na valvu ya kuzuia mafuta kurudi itaupaka stima itakapokatika. Hewa kuingia ghafla haiuui. Bei ni ya kati, na matunzo ni kusafisha na kurekebisha sifuri.

Geji ya kiwambo na kapasita

Hii ni geji ya anayetaka ukweli kuhusu shinikizo lenyewe. Kiwambo chembamba cha metali au kauri kimetenganisha gesi inayopimwa na chumba kidogo kilichofungwa chenye ombwe kamili. Kiwambo kikisukumwa, umbali wake na bamba la pembeni hubadilika, na uwezo wa kapasita hiyo kuhifadhi chaji hubadilika nao. Kwa kuwa kinachopimwa ni msukumo, aina ya gesi haina nafasi, na kwa kuwa upande wa pili ni ombwe, hewa ya Kisumu au ya Nakuru haihusiki. Usahihi wa robo ya asilimia ya usomaji ni wa kawaida.

Gharama yake iko kwenye masafa. Kichwa kimoja, yaani sehemu ya geji inayopima, hufunika takriban hatua nne za mara kumi, kwa hiyo chenye kilele cha tori 1,000 hakifai kazi ya tori 0.01, na maabara hujikuta na viwili au vitatu. Sifuri yake huhama polepole na lazima irekebishwe chombo kikiwa kimevutwa chini ya uwezo wake wa kusoma. Vile bora hupashwa joto hadi nyuzi 45 au zaidi ili halijoto ya chumba isivipotoshe, na ikiwa stima imepotea, huhitaji muda kupata joto kabla ya kuaminika.

Ipo kazi moja ambapo kiwambo na Pirani hufaa zikitumiwa pamoja, na ni kukausha kwa kugandisha, njia inayotumika kwa chanjo, vimelea vya maabara na vyakula. Barafu inapogeuka mvuke, chumba hujaa mvuke wa maji, na Pirani huusoma kwa takriban mara 1.6 ya shinikizo la kweli ilhali kiwambo husoma sawasawa. Barafu inapokwisha, gesi iliyobaki huwa ni nitrojeni au hewa kavu, na geji mbili hukutana. Kukutana kwake ni ishara kwamba ukaushaji wa kwanza umekamilika. Kosa la Pirani limegeuzwa kuwa kifaa.

Geji ya ioni yenye katodi ya moto

Tukishuka chini ya paskali 0.1, molekuli moja husafiri zaidi ya sentimita 6 kabla ya kugongana na nyingine, na joto halina tena cha kutuambia. Hapo huhesabiwa molekuli zenyewe, kwa namna fulani. Filamenti yenye moto, ambayo ndiyo katodi, hutoa elektroni; elektroni huvutwa na gridi yenye volti za juu, njiani hugonga molekuli na kuzigeuza ioni, yaani chembe zenye chaji, na ioni hukusanywa na waya wa tatu. Geji ya kawaida yenye mkondo wa elektroni wa miliampia 4, ikiwa kwenye sehemu moja ya milioni ya tori, hukusanya ioni za nanoampia 40 hivi. Kadiri molekuli zinavyopungua, mkondo unapungua kwa uwiano huohuo.

Geji za mwanzo zilikwama karibu na tori 10⁻⁸, si kwa sababu ombwe halikushuka zaidi, ila kwa sababu elektroni zilizoigonga gridi zilitoa miale dhaifu ya eksirei iliyoondoa elektroni kwenye mkusanyaji mpana, na mkondo huo wa bandia ulifanana na wa ioni. Mwaka 1950 Robert Bayard na Daniel Alpert waliugeuza mpangilio ndani nje: filamenti ikawekwa nje ya gridi, na mkusanyaji ukawa waya mwembamba katikati. Eksirei zikakosa pa kutua, na geji ikashuka hadi karibu tori 10⁻¹¹. Muundo huo ndio unaouzwa hadi leo.

Usahihi wake ni asilimia 10 hadi 20, bora kuliko wa katodi baridi inayofuata hapa chini. Inategemea gesi: heliamu husomwa kama chini ya moja ya tano ya thamani yake, na agoni zaidi kidogo ya thamani yake. Uvumilivu ndio unaoumiza. Filamenti ya tungsteni iliyowaka ikikutana na hewa huungua papo hapo. Ile ya iridi iliyopakwa oksidi ya itiriamu huvumilia zaidi lakini si milele. Mahali ambapo umeme hukatika pampu ikiwa kazini, geji hii inahitaji kizuizi kinachoizima yenyewe shinikizo likipanda, na filamenti ya akiba iwe kabatini.

Geji ya katodi baridi

Frans Penning wa Philips nchini Uholanzi aliitoa mwaka 1937. Haina filamenti. Volti elfu mbili hadi nne na sumaku huzifanya elektroni zizunguke safari ndefu ndani ya nafasi ndogo, kiasi kwamba hata gesi chache hugongwa na mkondo ukapimika. Husoma kuanzia paskali 1 hivi hadi chini sana, na miundo ya baadaye hufika mbali zaidi. Haiungui hewa ikiingia, na ikichafuka kwa mafuta hufunguliwa, ikasuguliwa na kufungwa tena na fundi mwenye mikono mizuri.

Inachotoza ni usahihi: kosa la asilimia 30 au zaidi si la kushangaza, na aina ya gesi inaathiri usomaji wake pia. Ikiwashwa chombo kikiwa tayari na ombwe la juu, huenda ikachelewa kuanza kutoa mkondo, na mtu mwenye haraka atadhani imeharibika. Sumaku yake isiwekwe karibu na hadubini ya elektroni.

Kuhusu geji ya McLeod ya mwaka 1874, inayokandamiza gesi kwa zebaki ndani ya kioo, maneno machache yanatosha. Ilikuwa rejea ya vizazi, lakini haisomi mvuke ipasavyo, haitoi usomaji mfululizo, na zebaki ni sumu. Iliyomo kabatini mwa idara ya fizikia ibaki kuwa ya kufundishia, ikiwa imezibwa vizuri.

Kuchagua kwa hali yako

Mfugaji mwenye mashine ya kukamulia, na mwenye mashine ya kufungasha samaki anayetaka kujua tu kama pampu inafanya kazi, wanunue Bourdon nzuri na wahifadhi pesa zao. Fundi wa friji na viyoyozi awe na Bourdon kwa ajili ya gesi na kidude cha maikroni kwa ajili ya ombwe, na akilazimika kusubiri kimoja, kisiwe hicho cha pili kinachosubiri.

Maabara inayokausha kwa kugandisha ianze na kiwambo, kisha iongeze Pirani. Inayovukiza metali, kwa mfano ya wanafunzi wa fizikia wa vyuo vikuu vya Maseno au Egerton, itafaidika na kichwa kimoja kilichounganisha Pirani na katodi baridi, kwa sababu wanafunzi hufungua valvu vibaya na stima hupotea bila taarifa. Katodi ya moto iongezwe pale tu matokeo yanapohitaji usahihi wake na kuna mtu mmoja anayewajibika kwayo. Anayetumia agoni au heliamu kama gesi ya kazi asiitegemee Pirani peke yake hata siku moja. Kiwambo kiwe ndicho kinachoamua valvu ifungwe lini.

Anayenunua geji iliyotumika aombe ivutwe mbele yake hadi chini ya masafa yake na aone kama inasoma sifuri. Na yeyote anayeweka kipimo cha juu cha geji ya kidijitali kwa hewa ya kawaida asiingize 1,013 akiwa Kisumu wala Nakuru. Asichukue pia namba ya shinikizo inayotangazwa kwa ajili ya ndege bila kuuliza, kwa kuwa hiyo imesharekebishwa kana kwamba uwanja uko ufukweni mwa bahari. Aombe shinikizo la kituo chenyewe, ambalo kwa Kisumu litakuwa karibu milibari 885, na aliingize hilo.